Namba ya Bao na Kihenge cha Bibi

Bao la Kiswahili, kama wajuavyo wachezaji, lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane manane. Mwanzo wa mchezo huweka kete kumi ubaoni, yaani sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na zile 22 zilizosalia huziweka akiba. Hayo si mageni kwa msomaji wa hapa Dodoma. Lakini namba ninayotaka kuieleza katika kurasa hizi huipati kwa kucheza. Waipata kwa kulijaza bao nafaka.

Tia punje moja ya uwele katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lile lililotangulia, mpaka shimo la 32. Je, utahitaji punje ngapi kwa jumla?

Kisa hiki ni cha zamani, ila wenyewe walikisimulia kwa sataranji, ambayo ina vyumba 64. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, ameeleza habari za Sissa, ambaye asemwa kuwa ndiye aliyeubuni mchezo huo, akamwomba mfalme ampe zawadi ya ngano kwa mpango huo, na mfalme akaicheka zawadi hiyo kwa udogo wake. Kabla yake, kama mwaka 1000, Al-Biruni alikuwa ameshaitoa jumla yake kamili. Bwana Mwalimu wetu wa Hesabu alitusimulia kisa hicho mwishoni mwa muhula, nami kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna sataranji bali bao la babu, nikaona nianze na bao.

Jumla ya bao ni hii: 4,294,967,295.

Kuitafuta si kazi ngumu. Jumla ya mashimo yote mpaka ulipofika daima ni pungufu ya shimo linalofuata kwa punje moja. Moja na mbili ni tatu, na shimo linalofuata lina nne. Moja, mbili na nne ni saba, na shimo linalofuata lina nane. Basi zidisha mbili kwa mbili mpaka zipatikane mbili 32, kisha toa moja. Nilifanya kwa mkono, na ilinichukua nusu saa pamoja na kusahihisha.

Lakini namba tupu haimwambii mtu kitu, na hasa haimwambii bibi yangu, ambaye alitaka kujua ni magunia mangapi. Nikamwomba punje za kupima. Alinipa kwa sharti moja, kwamba zihesabiwe mbele yake na zirudi zote. Basi mimi na dada yangu tukahesabu punje 1,000 katika ungo, tukazitia katika kibweta cha kiberiti, nami shule ilipofunguliwa nikazipima katika mizani ya maabara. Zilikuwa gramu 10. Likizo iliyofuata nilizirudisha, naye akazihesabu.

Kwa kipimo hicho bao lajazwa hivi. Safu ya kwanza ya mashimo manane hupokea punje 255, ambazo kuku mmoja huzimaliza bila kuinua kichwa. Mwisho wa safu ya pili jumla ni punje 65,535, yaani gramu 655, karibu kibaba kimoja. Hapo nusu ya bao imekwisha, na mfalme wa kisa chetu bado angali akicheka. Mwisho wa safu ya tatu ni kilo 168, gunia moja na zaidi ya nusu. Safu ya nne peke yake ndiyo inayomaliza maneno, kwani shimo la 32 likijazwa jumla yafika kilo 42,950 hivi, tani karibu 43, magunia 429 ya kilo mia mia. Nyumbani kwetu tu watu watano na twala kama kilo mbili za nafaka kwa siku. Bao moja lingetulisha miaka 58.

Na sataranji? Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Kwa uwele ni tani bilioni 184 na ushei. Miaka hii ya karibuni dunia nzima huvuna nafaka za kila aina karibu tani bilioni 3 kwa mwaka, kwa hiyo dunia ingepaswa kulima miaka sitini bila mtu kuonja.

Watu wa Ugogo hawahitaji kufundishwa kwamba namba za karatasini na nafaka za ghalani ni vitu viwili. Kongwa si mbali na hapa. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza huko mpango wake wa karanga, ukikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa jumla pamoja na sehemu za Urambo na Nachingwea. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana kuitazama. Udongo wa Kongwa, ambao hugeuka mgumu kama tofali jua likiwaka, haukuhesabiwa vya kutosha, wala mvua, na mpango ulipoachwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni karibu milioni 36. Lakini hayo ni kwa kupita tu. Narudi kwenye namba yangu, maana uzuri wake hauko katika ukubwa.

Namba 4,294,967,295 si tasa. Kila mtu aona kwamba mwisho wake ni 5, kwa hiyo yagawanyika kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake wapata 57, kwa hiyo yagawanyika kwa 3 pia. Kutafuta vigawo vingine kwa kubahatisha kungenichosha, ila Bwana Mwalimu alitukumbusha jambo tulilojifunza Kidato cha Pili, kwamba namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ikatolewa moja, jibu ni sawa na namba hiyo pungufu moja, mara namba hiyo na moja zaidi. Kumi mara kumi ni mia, toa moja ni 99, nayo ni 9 mara 11. Basi tazama ngazi hii:

3 = 1 × 3
15 = 3 × 5
255 = 15 × 17
65,535 = 255 × 257
4,294,967,295 = 65,535 × 65,537

Mistari hii mitano ni jumla za bao la mashimo 2, 4, 8, 16 na 32. Kila jumla imebeba ndani yake ile iliyotangulia, kama mama abebavyo mtoto mgongoni, ikaongezewa kigawo kimoja kipya. Vigawo hivyo vipya ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na vyote vitano ni namba tasa. Kwa hiyo namba ya bao imevunjika kabisa:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Kutokana na vigawo tasa vitano, visivyojirudia, zatoka namba zote zinazoigawanya namba ya bao bila baki. Kila kigawo tasa ama kimo ama hakimo, kwa hiyo ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 32. Mashimo 32, vigawo 32! Nilipoiona hiyo nilikwenda kumwamsha mwenzangu wa kitanda cha chini, naye hakunishukuru. Na haiwi kwa bao kubwa tu. Bao la mashimo 2 lina jumla ya 3, yenye vigawo 2. Bao la mashimo 4 lina jumla ya 15, yenye vigawo 4, ambavyo ni 1, 3, 5 na 15. Bao la mashimo 8 lina vigawo 8, na la mashimo 16 lina vigawo 16.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wanaopenda kuchora watalipenda. Wagiriki wa kale walijua kuchora kwa rula na bikari tu umbo la pande tatu zilizo sawa, na la pande tano, na la pande 15. Muda wa miaka kama elfu mbili hakuna aliyeongeza umbo jipya la namba witiri. Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, akiwa bado hajatimiza miaka 19, alionyesha kwamba umbo la pande 17 lawezekana. Baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha ni maumbo gani yasiyowezekana. Basi chukua vigawo 32 vya namba ya bao, uache 1, hubaki 31. Hizo 31 ndizo namba zote za witiri zinazojulikana mpaka leo ambazo maumbo yake yachoreka kwa rula na bikari. Kubwa kuliko zote ni namba ya bao yenyewe, umbo la pande 4,294,967,295, ambalo hata likichorwa kwa upana wa uwanja wetu wa mpira hakuna jicho litakaloweza kulitofautisha na duara.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito, nami sharti niingize habari za nyumbani kidogo, kwani hesabu hii ilifika pale wakati watu wakubwa wakijadili jambo.

Shamba letu lilikuwa limetupa chakula cha kutosha miaka mitano mfululizo, jambo ambalo si la kawaida katika nchi hii yenye msimu mmoja wa mvua na milimita 570 hivi kwa mwaka, tena ikinyesha ipendavyo. Kihenge cha bibi kilikuwa na magunia 12. Baba mdogo alitaka manane yauzwe, zinunuliwe bati za nyumba ya babu, na baiskeli kwa ajili yangu, maana kutoka nyumbani mpaka kituo cha basi ni mwendo wa saa mbili. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo kwa moyo wangu wote, wala sitaki kujifanya vingine. Bibi alikataa. Yeye alilelewa na bibi yake aliyeiona Mtunya kwa macho, ile njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920, wakati majeshi ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo, na mvua nayo ikakosekana. Katika ukoo wake kihenge hakishuki chini ya magunia manane kabla mavuno mapya hayajaonekana kwa macho.

Jioni moja nilikuwa nikimweleza babu habari za bao na vigawo vyake, naye akicheka kwa furaha kwamba wazungu walihangaika kote huko kwa ajili ya bao. Nikamwambia kwamba zile namba tano, 3, 5, 17, 257 na 65,537, zilimpendeza sana Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat, mwanasheria aliyefanya hesabu kwa kujifurahisha. Mwaka 1640 aliandika katika barua zake kwamba aamini namba za namna hiyo zote ni tasa, ya sita, ya saba, na kuendelea bila mwisho. Tano alikuwa ameziona.

Babu akauliza, "Na ya sita?"

Ya sita ni 4,294,967,297, yaani namba ya bao na punje mbili zaidi. Ndiyo hasa inayohitajika ukitaka kutoka kwenye bao kwenda kwenye sataranji, maana jumla ya sataranji ni namba ya bao mara hiyo namba ya sita. Kama Fermat alisema kweli, jumla ya sataranji ingekuwa na vigawo tasa sita, na vigawo vyote 64, sawa na vyumba vyake 64, na mpango wetu ungeendelea kupendeza.

Kwa muda wa miaka 92 hakuna aliyeweza kusema ndiyo wala siyo. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, aliivunja. Akili yake ndiyo ninayotaka wenzangu waione. Hakujaribu namba tasa zote. Alionyesha kwamba ikiwa namba ya sita ina kigawo tasa, kigawo hicho sharti kiwe ni 64 zilizozidishwa kwa namba fulani, na moja juu yake. Kwa hiyo za kujaribu ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kadhalika. Katika hizo kumi zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Mimi niligawanya moja moja kwa mkono. Kwa 193 baki ni 109. Kwa 257 baki ni 2. Kwa 449 baki ni 325. Kwa 577 baki ni 288. Kwa 641 hakuna baki.

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Bibi alikuwa akipepeta karibu nasi, na nilidhani hasikilizi. Akauliza, "Huyo bwana alihesabu ngapi kabla ya kusema zote?"

Nikamjibu, "Tano, Bibi."

"Mitano," akasema, kana kwamba ni miaka, akamtazama baba mdogo. "Alihesabu mitano akalala."

Baba mdogo akasema kwamba hesabu za Wafaransa na mvua za Mungu ni mambo mbalimbali. Katika hilo nakubaliana naye mpaka leo. Namba ya sita ilikuwa imekwisha kuvunjika tangu kabla Fermat hajazaliwa, na itakuwa hivyo daima, lakini mwaka wa sita waweza kuwa mwema kama ile mitano au mwovu, na hakuna kanuni ya 64 ya kuupima. Mtu asiniambie kwamba nimethibitisha habari za mvua kwa kugawanya kwa 641. Hata hivyo kikao kiliisha kwa kuuzwa magunia manne badala ya manane. Bati zilinunuliwa chache, za upande mmoja wa paa. Baiskeli haikununuliwa, nami likizo zote natembea zile saa mbili. Sikuridhika, wala sijaridhika bado, ila nilipokuwa nikirudi shuleni nikipita mashamba ya watu niliona kwamba mimi na Fermat tulitaka jambo lile lile, yaani tuliloliona mara tano litupe ruhusa.

Kwa hiyo namba ya sataranji imevunjika hivi:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Vigawo tasa vyake ni saba, na vigawo vyote ni 128, si 64. Mpango uliokaa sawa kwa mashimo 2, 4, 8, 16 na 32 ulikatika mara tu ulipotoka kwenye bao. Babu alifurahi kupita kiasi.

Neno moja la mwisho juu ya punje mbili. Namba hiyo ya sataranji, yenye tarakimu 20, mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuivunja kwa ngazi niliyoionyesha. Ongeza punje mbili tu, na ngazi haikufai tena. Namba 18,446,744,073,709,551,617, ambayo ndiyo ya saba katika safu ya Fermat, ilikaa mpaka mwaka 1880, ilipovunjwa na Mfaransa Fortuné Landry, mzee wa miaka 82, kwa kalamu na karatasi. Ya nane, yenye tarakimu 39, ilivunjwa mwaka 1970 kwa mashine. Ugumu huu una kazi yake pia, maana tangu mwaka 1977 watu wamejua kufunga siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa sana, na tovuti nyingi za mabenki zimetumia njia hiyo. Kuzizidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua, kuzitenganisha tena hakuna awezaye kwa wakati wa kufaa. Mwaka 2020 namba moja ya namna hiyo, yenye tarakimu 250, ilivunjwa kwa kuunganisha mashine nyingi mno.

Katika safu ya Fermat, kuanzia ya sita mpaka ya 33 zote zajulikana kuwa si tasa. Ya 34 haijulikani. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba hapatatokea tasa nyingine huko mbele, kwa hiyo babu asema Fermat bado yumo mchezoni.

Mwenzangu ye yote atakayegawanya 18,446,744,073,709,551,617 kwa 274,177 kwa mkono, bila kikokotoo, na kupata jibu lisilo na baki, alete karatasi yake katika chumba cha Klabu ya Hesabu siku ya Alhamisi baada ya masomo ya jioni. Kikokotoo hakitamsaidia sana, kwani kile cha maabara huonyesha tarakimu kumi za mwanzo tu. Jibu sharti liwe na tarakimu 14, na ya mwisho ni 1. Mimi nilitumia kurasa mbili.